Kutoka Ncha ya Sindano Hadi Shimoni: Kuhifadhi na Kutupa Taka za Kliniki Ndogo

Mwongozo huu ni wa kliniki ya vyumba vitatu pale Kondele, dispensari ya serikali kule Nyakach, chemisti ya Bungoma inayodunga watu sindano nyuma ya pazia, na mzee wa Siaya anayejipiga insulini kila asubuhi. Hospitali kubwa kama Jaramogi Oginga Odinga, ile wakazi wa Kisumu wanayoiita Russia, huwa na watu walioajiriwa kushughulikia maambukizi na taka. Wadogo ndio hubahatisha, na mara nyingi taka zinazookotwa na watoto nyuma ya ploti zimetoka kwa hao wadogo.

Usalama wa taka hizi huamuliwa pale pale sindano inapotoka mwilini mwa mgonjwa. Hakuna tanuri, shimo wala lori litakalorekebisha kilichochanganywa wakati huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 85 hivi ya taka za vituo vya afya ni taka za kawaida kabisa: maboksi, karatasi, maganda ya ndizi ya wageni waliokuja kumwona mgonjwa. Asilimia 15 iliyobaki ndiyo yenye hatari. Tupa gozi moja (kitambaa cha kufungia kidonda) lenye damu juu ya maganda hayo, na pipa zima limeingia kwenye ile 15. Kama unalipa mtu kwa kilo aje kuzichukua, umejiongezea bili kwa mkono wako mwenyewe.

Sheria nayo iko wazi. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinamtaka kila anayezalisha taka za matibabu azitenganishe zinapotokea. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Zote mbili haziulizi kama kliniki yako ina vitanda 2 au 200.

Hatua ya 1: Zunguka ujue unatupa nini

Chukua daftari, chagua siku yenye shughuli nyingi, upite chumba kwa chumba ukiandika kila kinachoingia kwenye pipa. Usimtume mtu. Mwenye kliniki akizunguka mwenyewe ataona mambo ambayo hakuna mfanyakazi atakayemwambia, kama vile mkebe wa maziwa ya unga uliogeuzwa kuwa chombo cha sindano huko maabara.

Huku kwetu ukanda wa ziwa malaria haina msimu wa kupumzika, kwa hiyo maabara hujaza lanseti (visindano vya kutoboa kidole), vipimo vya haraka vya malaria na slaidi za kioo. Kliniki ya watoto nayo imeongeza mzigo. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika kaunti za magharibi Septemba 2019, na mtoto mmoja huhitaji dozi nne, yaani sindano nne juu ya zile za chanjo nyingine. Chumba cha kujifungulia hutoa kondo la nyuma, pedi na glavu zilizolowa. Stoo ya dawa hutoa kile ambacho watu husahau kabisa: dawa zilizopitwa na wakati.

Ukimaliza utakuwa na makundi haya: vitu vyenye ncha kali, vitu vyenye damu au majimaji ya mwili, sehemu za mwili, dawa na kemikali, na taka za kawaida. Makundi matano, basi. Usiongeze mengine ya kwako, wafanyakazi watachanganyikiwa.

Hatua ya 2: Weka rangi, na uziweke mahali mkono unapofika

Rangi zinazotumika Kenya ni hizi. Pipa jeusi lenye mfuko mweusi ni la taka za kawaida. La njano ni la taka zenye maambukizi: gozi, pamba, glavu zilizotumika, bandeji, mipira ya dripu iliyoguswa na damu. Jekundu ni la taka zenye maambukizi makali na sehemu za mwili, yaani kondo la nyuma, vipande vilivyokatwa katika upasuaji, na vyombo vya maabara vilivyooteshewa vijidudu. Vyenye ncha kali haviingii katika mfuko wowote. Mahali pake ni kisanduku cha usalama, kile cha katoni ngumu ya njano chenye tundu juu.

Wengine huuliza kama mifuko ya plastiki haikupigwa marufuku. Marufuku ya Agosti 2017 ililenga mifuko ya kubebea bidhaa. Mifuko ya kuhifadhi taka za matibabu iliruhusiwa kuendelea. Nunua yenye rangi yake halisi. Kufunga utepe wa njano kwenye mfuko mweusi kunaonekana ujanja mpaka utepe ung'oke.

Pipa liwe na kifuniko na kanyagio, kwa sababu mkono wenye glavu ya damu haupaswi kushika kifuniko. Muhimu kuliko hilo ni mahali lilipo. Muuguzi aliyemaliza kusafisha kidonda hatatembea hatua kumi na mbili kutafuta pipa la njano wakati jeusi liko mguuni pake. Atatumia lililo karibu, nami simlaumu. Basi katika chumba cha sindano na cha vidonda weka mapipa yote mawili pamoja, na kisanduku cha usalama juu ya meza au kwenye kishikizo ukutani, karibu na mkono unaodunga. Kwenye benchi la wagonjwa wanaosubiri weka jeusi peke yake. Ukiweka la njano pale litajaa chupa za soda.

Bandika maelezo juu ya kila pipa kwa lugha ambayo anayefagia anaisoma. Nimeona mabango mazuri sana ya Kiingereza, yamewekewa fremu, juu ya pipa ambalo mama wa usafi anasoma Kiswahili na Kijaluo tu. Picha tatu zilizochorwa kwa kalamu nene zingemsaidia zaidi.

Mfuko ukifika robo tatu, funga. Mfuko uliojaa hadi mdomoni haufungiki bila kushindiliwa, na kushindilia ndiko huleta ajali.

Hatua ya 3: Sindano

Hapa tusiharakishe. Mtu asiye na kinga akidungwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa homa ya ini aina ya C ni karibu asilimia 2. Kwa virusi vya ukimwi ni asilimia 0.3. Wengi wanaogopa ile ya mwisho na kuisahau ya kwanza, ilhali virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi siku saba nje ya mwili, ndani ya tone la damu lililokauka ambalo huwezi hata kuliona.

Anayedunga ndiye anayetupa. Asimpe mwenzake, asiiache kwenye trei "nitarudi", asiichomeke kwenye godoro la kitanda cha mgonjwa. Ikitoka mwilini, sindano pamoja na bomba lake inaingia moja kwa moja kwenye kisanduku, bila kutenganishwa, bila kupindwa, bila kurudishiwa kifuniko. Ajali nyingi za vidole hutokea wakati wa kurudisha kifuniko. Kama kazi yenyewe inalazimu, kwa mfano daktari wa meno anayehitaji kuongeza dawa ya ganzi, laza kifuniko mezani, kichote kwa ncha ya sindano kwa mkono mmoja, kisha kikaze. Mkono wa pili ukae mbali.

Kisanduku cha lita 5 huchukua mabomba 100 hivi. Andika tarehe kilipofunguliwa na jina la chumba. Kikifika robo tatu, funga mdomo, bandika utepe, peleka stoo. Kisifunguliwe tena, kisimwagwe ndani ya kingine ili "kuokoa boksi", na kisiwekwe sakafuni ambako maji ya kupigia deki yatalowesha kitako. Katoni iliyolowa huachia chini wakati wa kunyanyuliwa, na kinachomwagikia miguu ya mbebaji unakijua.

Visanduku vikiisha, na katika dispensari zetu vitaisha, tumia chupa ngumu ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza, kama ile ya sabuni ya maji au ya Jik. Andika "SINDANO, USIFUNGUE" pande mbili. Chupa ya maji ya kunywa haifai, ni nyembamba na sindano hupenya. Chupa ya kioo pia haifai.

Hatua ya 4: Kubeba

Anayebeba taka ndiye mtu anayelipwa kidogo kuliko wote katika jengo, na ndiye aliye hatarini kuliko daktari. Mpe glavu nene za mpira, zile za kazi, wala si zile nyembamba za kumpimia mgonjwa. Mpe aproni ya plastiki na buti. Patipati hazikubaliki hata siku moja. Ahakikishiwe chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Mwajiri anayesema chanjo hiyo ni ghali afanye hesabu ya kumtibu mtu ini maisha yake yote.

Mfuko ushikwe shingoni, usikumbatiwe, usibebwe begani, usiburutwe. Usimpitishe mbebaji jikoni wala mahali wagonjwa wanapokula, na wakati wa kubeba uwe ule ambao korido haina watu wengi. Kama kuna toroli, iwe ya taka tu na ioshwe kila jioni. Toroli inayobeba taka asubuhi na chai saa nne ni jambo ambalo lisingehitaji kuandikwa, lakini nimeandika.

Hatua ya 5: Stoo ya taka

Tafuta chumba au kibanda chenye paa, sakafu ya saruji inayooshwa, wavu wa kuzuia panya na paka, na kufuli. Ufunguo ukae kwa watu wawili wanaojulikana. Mlangoni weka ile alama ya hatari ya kibayolojia, yenye pete tatu zinazokatana, na maneno "Usiingie". Stoo hii isiwe ubavuni mwa jiko, wala stoo ya dawa, wala kisima. Ndani, gawa nafasi: visanduku vya sindano kwenye rafu, mifuko ya njano upande huu, ya nyekundu upande ule. Taka za kawaida zikae kwingine kabisa.

Zikae kwa muda gani? Kanuni za 2006 zinasema taka za matibabu zisihifadhiwe kwenye joto la juu ya nyuzi 0 kwa zaidi ya siku saba bila kibali cha maandishi, na sehemu za mwili ambazo hazijatibiwa ziondolewe ndani ya saa 48. Huo ndio mwisho wa sheria, lakini joto la Kisumu halisomi sheria. Kwa nchi zenye joto, Shirika la Afya Duniani linashauri saa 24 wakati wa jua kali na 48 wakati wa baridi. Molo au Njoro, kule juu Nakuru, unaweza kusogea kidogo. Ahero mwezi wa Februari, kondo la nyuma la Jumatatu halifiki Jumatano bila majirani kujua. Sindano zilizofungwa vizuri ndizo peke yake zinazovumilia kusubiri.

Wanaoishi uwanda wa Kano, Budalang'i au kando ya ziwa wana jambo la ziada. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza fuo, na mvua za 2024 zikaleta mafuriko mengine. Stoo yako ikiwa chini, mafuriko yatabeba visanduku hadi shambani kwa mtu. Inua sakafu, weka rafu ya chini kabisa juu ya alama ya maji ya miaka iliyopita, na mwezi wa Machi kabla masika hayajashika ondoa kila kilichomo.

Pima uzito wa kila mfuko kabla haujaondoka na uandike: tarehe, rangi, kilo, aliyekabidhi, aliyepokea. Mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki inatosha, ila isirudi sokoni.

Hatua ya 6: Zinaishia wapi?

Kliniki ndogo ina njia tatu, nami naziweka kwa mpangilio wa ubora, ambao kwa bahati mbaya ndio pia mpangilio wa gharama.

Ya kwanza ni kumkabidhi mwenye vifaa. Inaweza kuwa kampuni yenye leseni ya NEMA ya kusafirisha taka za matibabu, au hospitali kubwa iliyo karibu yenye otoklevu (mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke) au tanuri la kisasa, kwa makubaliano ya maandishi. Omba kuona leseni, si kuambiwa ipo. Angalia kama imeisha, na kama inahusu taka za matibabu au ni ya takataka za kawaida. Kila shehena iondoke na hati ya kufuatilia taka, na nakala irudi kwako ikiwa na sahihi ya mahali zilipoishia. Bila nakala hiyo hujui kama mifuko yako imefika au imemwagwa kichakani nje ya mji. Mtu wa mkokoteni anayekuomba pesa kidogo "akusaidie kutupa" atazipeleka mahali pa karibu zaidi, na pale jaani kuna watu wanaookota chuma na plastiki kwa mikono mitupu. Boda boda pia si gari la taka hizi.

Otoklevu, kama hospitali hiyo inayo, ndiyo njia ninayoipenda. Mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 30 huua vijidudu bila moshi. Baada ya hapo taka zinaweza kusagwa na kwenda pamoja na za kawaida. Lakini dawa, kemikali na sehemu za mwili haziingii humo.

Njia ya pili ni kuchoma. Tofautisha tanuri na pipa la bati. Moto wa pipa au wa shimo wazi haufiki hata nyuzi 400, na hapo plastiki hutoa dioksini, sumu ambayo hukaa ardhini na kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Kuku wa jirani hudonoa pale, mayai yanaliwa. Tanuri la vyumba viwili la muundo wa De Montfort, lililobuniwa Uingereza kwa ajili ya vituo vidogo na kujengwa katika vituo vingi vya Kenya, hufika nyuzi 800 hivi likitumiwa sawasawa. Tatizo kubwa ni kwamba mara nyingi halitumiwi sawasawa. Mtu hulijaza taka mbichi, humwagia mafuta ya taa, huwasha kiberiti na kuondoka. Moshi mweusi unaotambaa hadi shule ya msingi ni dalili ya tanuri baridi.

Anza kwa kulipasha moto kwa kuni kavu kwa nusu saa au zaidi. Ndipo uanze kulisha, kidogo kidogo, ukichanganya taka zilizolowa na zilizo kavu, usiruhusu moto upoe. Choma wakati upepo unaelekea kusiko na nyumba. Anayechoma avae miwani, barakoa na glavu nene, na asiondoke hadi moto uishe wenyewe. Majivu yaachwe yapoe usiku kucha, kisha yachotwe kwa koleo hadi kwenye shimo la majivu lililojengewa na kufunikwa. Sindano hubaki ndani ya majivu zikiwa hazina vijidudu tena, ila bado zinachoma, kwa hiyo majivu hayo hayaendi shambani wala kwenye choo.

Kuna vitu ambavyo haviingii motoni kamwe: vichupa vya dawa vilivyozibwa na makopo ya dawa ya kuvuta ya pumu, kwa sababu hulipuka, mifuko ya damu na mipira ya plastiki aina ya PVC, betri, filamu za eksirei, chochote kilicholowekwa kwenye klorini, na vipimajoto vya zebaki. Kama bado una kipimajoto cha zebaki mwaka huu, kiweke kwenye chupa imara yenye kifuniko, andika jina lake, mpigie afisa wa afya ya umma. Kikivunjika usifagie wala kuikimbiza zebaki kwa kitambaa. Fungua madirisha, kusanya matone kwa karatasi ngumu na utepe wa kunasa, yote ndani ya chupa ile ile.

Njia ya tatu ni shimo, na hapa ndipo ardhi yetu inapotusumbua. Shimo la kondo la nyuma huchimbwa, hujengewa kuta juu, hufunikwa kwa slabu ya zege yenye mlango mdogo wa kufuli na bomba la kutoa hewa. Kitako chake kinapaswa kukaa mita moja na nusu au zaidi juu ya maji ya ardhini, na shimo liwe umbali wa mita 50 kutoka kisimani. Sasa nenda mitaa ya Nyalenda au Manyatta, mjini Kisumu, ambako watu huchota maji kwenye visima vifupi katikati ya vyoo, ujaribu kupata nafasi hiyo. Mara nyingi haipo, na jibu la kweli ni kwamba hapo usichimbe, rudi njia ya kwanza. Uwanda wa Kano una udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Kuta zisizo imara hupasuka nao. Nakuru nako ardhi ya majivu ya volkano hufunguka nyufa baada ya mvua kubwa, kwa hiyo mwite mtu wa kaunti aliyezoea eneo hilo kabla ya jembe la kwanza.

Usimimine klorini ndani ya shimo la kondo la nyuma. Vijidudu vilivyo humo ndivyo vinavyoozesha. Ukiviua shimo litajaa kabla ya wakati wake. Glavu na pedi zisitupwe humo kwa sababu hiyo hiyo.

Familia ikiomba kondo la nyuma lizikwe nyumbani, na katika boma nyingi za magharibi bado ni ombi la heshima, usiwafukuze kwa kejeli. Fuata utaratibu wa kituo chako. Kikiruhusu, lifungeni kwenye chombo kisichovuja, mtu mzima wa familia atie sahihi, mwelezeni avae glavu na azike kwa kina ambacho mbwa hatafukua, mbali na maji. Kuambiwa "hapana" tu kunaweza kumfanya mama ajifungulie nyumbani mara nyingine.

Dawa zilizoisha muda

Ziondoe kwenye rafu siku ile ile zinapoisha, weka kwenye boksi lililoandikwa wazi, funga kabatini, ziorodheshe kwa jina, kiasi na namba ya toleo. Chemisti na kliniki hawaruhusiwi kujitupia tu. Bodi ya Famasia na Sumu ina utaratibu wa kuomba ziharibiwe chini ya usimamizi. Usimwage antibiotiki kwenye sinki. Mfereji wa Kisumu unaishia ziwani, na ziwani ndiko tunakotoa samaki aina ya ngege. Maji ya dripu ya chumvi au glukosi yasiyo na dawa ndani yanaweza kumwagwa.

Ajali ikitokea

Ukidungwa au kukatwa:

1. Acha kazi. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usinyonye, usipake Jik wala spiriti. Kama damu imerukia jichoni, suuza kwa maji safi mengi.
2. Mwambie msimamizi papo hapo na iandikwe kwenye kitabu cha ajali.
3. Nenda ukaanze dawa za kinga dhidi ya virusi vya ukimwi. Ndani ya saa 2 ni bora zaidi, na baada ya saa 72 haziwezi kusaidia. Hunywewa siku 28 bila kuruka, na vipimo hufuata.
4. Uliza pia kuhusu homa ya ini B. Watu huisahau.

Msimamizi anayemgombeza aliyedungwa anawafundisha wengine wote kuficha. Mfanyakazi wa usafi ana haki ile ile ya dawa hizo kama daktari, na wengi wao hawaijui.

Damu ikimwagika sakafuni, vaa glavu, funika kwa kitambaa au pamba, mimina klorini ya asilimia 0.5, subiri dakika 10, kisha kusanya kwenye mfuko wa njano na upige deki. Kwa Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5, klorini hiyo ni kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji. Soma chupa kwanza, nguvu hutofautiana. Ikorogwe upya kila siku.

Kwa wanaotumia sindano nyumbani

Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii karibu 100,000 walipopewa mikoba ya vifaa, upimaji wa sukari na malaria umefika hadi sebuleni. Muhudumu, beba kisanduku kidogo cha usalama ndani ya mkoba. Usimwachie mama mwenye nyumba lanseti "akutupie". Mwisho wa wiki kirudishe kwenye kituo chako, kituo kina wajibu wa kukipokea.

Mgonjwa wa kisukari, sindano zako zisiende kwenye choo cha shimo. Choo kikijaa kuna mtu atakayeingia kukipakua, na mitaani kwetu bado wapo wanaoingia kwa mikono na ndoo. Tumia chupa ngumu ya sabuni, iandike, iweke juu ya kabati mbali na wajukuu, na ikifika robo tatu kaza kifuniko, zungushia utepe, uende nayo kliniki siku ya kuchukua dawa. Wakikuambia hawapokei, muulizie afisa wa afya ya umma wa wadi yako.

Vidonge vilivyobaki virudishwe vilikotoka, hasa vya kifua kikuu, vya virusi vya ukimwi na vya saratani. Kama ni vidonge vya kawaida na kurudisha haiwezekani kabisa, vitoe kwenye pakiti, vichanganye na majani ya chai yaliyotumika au udongo wenye unyevu, funga kwenye mkebe na utupe na taka za nyumbani. Kwanza futa jina lako kwenye bahasha ya dawa.